Siku Mbili Mvita

Mtu wa Tanga hahitaji kuhadithiwa Mombasa. Wengi wetu tuna shangazi huko, au ami aliyevuka mpaka kutafuta kazi ya bandarini asirudi tena, na Wadigo wa Mkinga na Wadigo wa Kwale ni watu wa nyumba moja waliochorewa mstari katikati na wakoloni. Lakini kuwa na jamaa mahali si kupajua. Aghalabu tunakwenda kwa arusi au kwa msiba. Tunashuka garini usiku, tunashinda uani tukimenya vitunguu, na siku ya tatu tunarudi tukiwa tumeiona Mombasa ya masufuria na makawa tu.

Kwa hiyo akina mama wa darasa la Alasiri la msikiti wetu walipoleta ombi la safari ya siku mbili na usiku mmoja, wao pamoja na watoto wao, kamati haikuwa na sababu ya kulikataa. Walitaka kwenda kuuona mji, si kuhudumu ndani yake. Barua yao ilikuwa fupi na yenye masharti matatu. Kwanza, popote wakati wa swala utakapowakuta, pawe na mahali pa wanawake pa kutawadhia na pa kuswalia, tena pawe pamethibitishwa kabla ya safari, si kwa kauli ya "tutaona huko huko". Pili, ratiba ipimwe kwa mwendo wa bibi mwenye magoti mabovu, si kwa mwendo wa vijana. Tatu, mmoja wao, mtu mzima aliyekwisha kupita miaka sabini, ana dada yake Kisauni ambaye hawajaonana tangu mazishi ya mama yao. Apewe muda wa kukaa naye, na muda huo usiwe makombo ya muda wa wengine.

Kamati ilinituma nitangulie kuiangalia njia, nikifuatana na mama mmoja wa darasa hilo na mumewe. Ninayoyaandika hapa ni matunda ya safari hiyo na ya vikao viwili vilivyofuata. Nimeyaleta gazetini kwa sababu misikiti miwili ya jirani imekwisha kutuuliza tulipangaje, na ni rahisi zaidi kujibu mara moja kwa wote.

Suala la fedha lilimalizwa mapema, ijapokuwa si bila ya maneno. Mzee mmoja aliuliza iwapo mfuko wa msikiti ungeweza kubeba japo nauli ya basi, kwa kuwa safari yenyewe ina mafunzo. Jibu lilikuwa ni hapana. Aliyetoa shilingi yake kwa ajili ya bati na maji ya msikiti hakuitoa kwa ajili ya matembezi, hata yawe mazuri namna gani, na kamati haina mamlaka ya kuigeuza nia yake. Kila familia italipa yake kwa awamu nne. Kwa wajane wawili wenye watoto darasani, limefunguliwa daftari la mchango kando, na anayechangia anajua anachangia nini. Daftari hilo lilijaa ndani ya wiki mbili, na majina ya wachangiaji hayatasomwa hadharani.

Tumechagua mwezi wa Juni. Shule zimefungwa, mvua kubwa za masika zimekwisha kupungua, na upepo wa kusi unaupoza mji. Desemba pia shule zimefungwa, lakini joto la kaskazi ndani ya vichochoro vya Mji wa Kale si la kumtembezea mtoto mdogo wala mtu mzima, na msimu huo pwani yote ya Kenya hujaa wageni na bei za malazi hupanda.

Kuhusu mpaka, nisiwachoshe wasomaji. Horohoro na Lunga Lunga sasa ni kituo kimoja cha pamoja, na msafiri mwenye karatasi zilizotimia hapotezi muda mrefu. Kinachokwamisha safari za vikundi ni mtu mmoja asiye na karatasi, kwa sababu basi zima humngoja yeye. Kila mtu, na kila mtoto, awe na hati yake: pasi ya kusafiria, au hati ya dharura inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi. Mtoto anayesafiri na shangazi au bibi badala ya wazazi abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya wazazi wake. Tumeweka siku ya ukaguzi wa karatasi wiki tatu kabla ya safari. Atakayekuja bila ya karatasi siku hiyo atapewa wiki moja ya kuzitafuta, kisha nafasi yake itakwenda kwa mwingine.

Mombasa ni kisiwa, na hilo linasahaulika kwa urahisi kwa kuwa mtu anayetoka Nairobi huingia kwa barabara ya Makupa bila hata kutambua kuwa ameuvuka mkono wa bahari. Sisi watu wa kusini hatusahau, kwa sababu tunaingilia Likoni. Ipo sasa barabara ya Dongo Kundu inayomwezesha mwenye gari kuzunguka bila ya kupanda feri, na dereva wetu aliipendekeza. Kamati imeikataa kwa safari ya kwenda na kuikubali kwa dharura tu. Mtu anayekwenda kuuona mji wa maji auingie kwa maji. Kivuko ni cha dakika chache, waendao kwa miguu hawalipi, na katika dakika hizo upande wa kulia unaona mlango wa bahari kuu, na upande wa kushoto unaingia Kilindini, bandari inayolisha Uganda, Rwanda na sehemu ya Kongo. Watoto watashikwa mikono, kila mtu mzima na watoto wawili, na hakuna atakayesimama karibu na mlango wa feri. Wenyeji wa pande hizo hawajaisahau feri ya Mtongwe iliyozama mwaka 1994 na watu zaidi ya 270 wakafa maji, nasi hatutakwenda kama watu wasiojua.

Sasa niingie katika mji wenyewe, na hapa kwanza nimtaje mgeni mmoja wa zamani. Mwaka 1331 Ibn Battuta, mtu wa Tanja katika Morocco, alipita Mombasa akielekea Kilwa. Alilala usiku mmoja tu. Usiku mmoja! Nasi tunanung'unika kwamba siku mbili hazitoshi. Na katika usiku huo mmoja aliona mambo ambayo hadi leo wanahistoria wanayategemea. Aliona kwamba watu hawalimi nafaka bali huletewa kutoka bara, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na kwenye milango yake visima vifupi ambavyo maji yake huchotwa kwa kata ya mti yenye mpini. Aliona kwamba watu wanatembea miguu mitupu, kwa hiyo anayeingia msikitini huosha miguu kwanza, kisha huifuta kwa kipande cha mkeka mnene kilichowekwa mlangoni. Aliwasifu kwa dini na wema wao. Hakuandika urefu wa minara wala hakuhesabu nyumba. Aliangalia mtu anavyoosha miguu.

Nilipowasomea akina mama habari hiyo, ndipo ratiba yetu ilipopata umbo. Orodha ya kwanza ilikuwa na vituo kumi na vitatu, kila kimoja kimependekezwa na mtu aliyewahi kufika au aliyeona picha. Tumebakisha vitano. Hatutazifuata zile pembe kubwa za ndovu za bati katika Barabara ya Moi, zilizosimamishwa zama za Waingereza kwa ajili ya ziara za ukoo wao wa kifalme. Basi litapita chini yake, anayetaka kutazama atatazama dirishani. Hatutakwenda Diani. Fukwe tunazo, na Muumba hakutunyima mchanga hapa Tanga.

Siku ya kwanza, Jumamosi, ni ya Mji wa Kale na Ngome, na yote mawili yanakwendeka kwa miguu. Barabara kuu ya Mji wa Kale inaitwa Ndia Kuu. Watoto watadhani ni kosa la mchora kibao, kumbe ni Kimvita: ndia ni njia, nti ni nchi, na mama anayemwita mwanawe kwa kusema "ndoo!" hataki kuletewa maji, anamwambia njoo. Tumewaambia watoto wa darasa la juu waende na daftari na waandike kila neno watakalolisikia ambalo sisi tunalitamka kwa namna nyingine. Ni afadhali kuliko kuwanunulia kofia zenye maandishi. Na ni vema wajue mapema kwamba huko wao ndio watakaoonekana wana matamshi ya kigeni.

Katika njia hiyo na vichochoro vyake zipo nyumba zenye roshani za mbao na milango ya kuchonga, na zipo pia nyumba zilizobomolewa na kusimamishwa ghorofa za saruji zisizofanana na chochote. Zote tutaziona. Huu ni mtaa wa watu, si jumba la makumbusho. Kuna nguo zimeanikwa, kuna mtu anasinzia barazani. Kwa hiyo masharti ya adabu yameandikwa katika karatasi ya safari: salamu kwanza, picha baadaye na kwa ruhusa, na hakuna kuchungulia ndani ya mlango uliofunguliwa kwa ajili ya hewa. Bandari ya Kale nayo ina walinzi wake na utaratibu wake. Ulizeni kabla ya kutoa simu mfukoni.

Msikiti wa Mandhry uko humo, na inasemekana uliasisiwa mwaka 1570. Mnara wake ni mnene chini, mwembamba juu, umepakwa chokaa, hauna mapambo, na kwa maoni yangu ni mzuri kuliko minara mingi mirefu ya siku hizi. Upande wa pili wa njia kipo kisima cha kutawadhia. Hapo ndipo nitakapowasimamisha watoto na kuwakumbusha habari ya kata na mkeka.

Hata hivyo, sharti la kwanza la akina mama lilikuwa halijatimia, na kazi hiyo haikuwa yangu. Misikiti mingi ya kale ya pwani ilijengwa midogo, kwa wanaume wa mtaa, na sehemu ya wanawake ama haipo au ni ngazi ya nyuma ambayo mgeni hawezi kuijua. Mimi ningeuliza wanaume na kujibiwa "ipo, ipo", bila ya anayenijibu kuwahi kupanda. Mwenzetu aliingia mwenyewe, akakagua bomba, akakagua choo, akahesabu watu wangapi wanaweza kusimama safu. Sehemu mbili alizikataa. Ya tatu, ya ghorofani, ina maji lakini ngazi zake zina mwinuko mkali, kwa hiyo ni kwa wale wenye magoti mazima. Kwa wazee alipata chumba cha chini cha madrasa ya wasichana, ambacho mwalimu wake alitukubalia kwa moyo mkunjufu na akakataa malipo. Tutampelekea misahafu na mabuku ya kuandikia. Nawasihi makatibu wenzangu: msipange safari ya familia kwa kumtuma mwanamume peke yake.

Na kwa kuwa kutoka kwetu hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 150 na tutakaa huko usiku mmoja, wasafiri wetu wana ruhusa ya kupunguza swala na kukusanya. Ruhusa hiyo tutaitumia bila ya kuona haya, hasa siku ya kurudi. Imamu wetu atalifafanua hili katika darsa kabla ya kuondoka, ili pasizuke mabishano ndani ya basi.

Fort Jesus tumeitengea muda mwingi kuliko mahali pengine popote: kuanzia saa nane na nusu mchana, jua likianza kulegea, hadi karibu na Alasiri ya mwisho. Kiingilio hutofautiana kwa raia wa Kenya, kwa watu wa Afrika Mashariki na kwa wageni wa mbali, hivyo pasi zisiachwe kwenye malazi.

Wareno walianza kuijenga ngome hii mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari. Leo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, tangu mwaka 2011. Kuta zake ni nene kiasi kwamba mtoto hawezi kuamini mpaka apite ndani ya lango na kuhesabu hatua. Lakini ukuta bila ya habari ni mawe tu, na wale wenye kuongoza wageni wana haraka, kwa hiyo nimejiandaa kusimulia mambo mawili.

La kwanza ni la Yusuf bin Hassan. Baba yake alikuwa Sultani wa Mombasa, akauawa kwa njama za Wareno. Mtoto akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo. Aliporudishwa kutawala, Wareno walidhani wamepata mtu wao. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaitwaa ngome na kurejea katika Uislamu. Mwaka uliofuata Wareno walituma jeshi kutoka Goa likashindwa, kisha yeye mwenyewe akauacha mji na kuishia baharini, akiwinda merikebu zao. Watu hupenda kuisimulia habari hii mpaka kwenye ushindi na kunyamaza. Mimi nitaisimulia yote, pamoja na kwamba waliouawa mwaka ule hawakuwa askari tu. Walikuwamo raia, na walikuwamo wenyeji waliokuwa wamebatizwa. Watoto wetu wana akili ya kutosha kumhurumia mvulana aliyenyang'anywa baba na jina, na pia kuuliza nini kilichofanywa na mtu mzima aliyetokana na mvulana huyo.

La pili ni mazingiwa. Waomani waliizingira ngome hii kuanzia Machi 1696 hadi Disemba 1698, miezi thelathini na mitatu. Ndani walikuwamo Wareno wachache na wenyeji wengi waliokuwa upande wao, na maradhi yaliwamaliza kuliko risasi. Merikebu ya Santo António de Taná iliyotumwa kuwaokoa ilizama hapo hapo chini ya ukuta mwaka 1697. Wapiga mbizi walianza kuitoa mali yake baharini katika miaka ya 1970, na vitu hivyo vimo ndani ya makumbusho: vyombo, mitungi, vifaa vya mabaharia. Nimesimama mbele ya kabati hilo muda mrefu. Mtu alikunywea kile kikombe akiwa na yakini kuwa atafika.

Baada ya hapo zilikuja zama za Mazrui, kisha za Sayyid Said tangu 1837, kisha Mwingereza aliyeigeuza ngome kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Haya tutayapitia kwa haraka. Watu wakichoka, historia huingia sikio moja ikatokea la pili, na kuna kivuli kizuri kwenye nyumba ya Waomani juu ya ukuta, ambako upepo wa bahari ni wa bure.

Lipo jambo ambalo kikao kililijadili kwa uzito kuliko ngome. Ukisimama ukingoni mwa Mji wa Kale ukaangalia ng'ambo ya maji, unaiona bara ya kaskazini. Huko ndiko kulikoanzishwa Freretown mwaka 1875, kijiji cha wamishionari cha watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na kengele yao ndiyo iliyoupa mtaa jina la Kengeleni hadi leo. Baadhi ya wajumbe waliona si mahali pa kulisema hilo mbele ya watoto, kwa hoja kwamba biashara ile imetumiwa mno kuwasema Waislamu wa pwani kana kwamba walikuwa peke yao. Hoja ina ukweli ndani yake. Walionunua na walionufaika walikuwa wa dini na mabara mengi. Lakini majahazi yale yalikuwa ya watu wa bahari hii, na waliomo walikuwa watu wa bara letu. Mtoto atakayelisikia kwetu, barazani, kwa sauti ya mtu anayemwamini, hatalisikia kesho kwa mwingine kama siri tuliyomficha. Tulipiga kura. Litasemwa, na litasemwa na imamu mwenyewe.

Jioni ya Jumamosi ni ya kupumzika tu. Basi litatupeleka Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni kwenye ncha ya kisiwa, penye mibuyu ya zamani. Meli kubwa zinazoingia Kilindini hupita karibu mno, na hapo hapo kuna chipsi za muhogo zenye ndimu na pilipili, madafu, na achari za maembe. Magharibi huingia kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo kwa mwaka mzima, kwa hiyo tutaondoka mapema kuwahi sehemu yetu ya swala. Baadaye ni chakula cha usiku katika Mji wa Kale: mishkaki, viazi karai, mkate wa mofa, kila mtu kwa mfuko wake.

Watu wakishakula, kwenye ua wa malazi, nimeomba dakika kumi na tano za kuzungumza juu ya mtu mmoja wa mji huu: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937, na kufariki mwaka 1947. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi iitwayo Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Aliandika juu ya elimu, pamoja na elimu ya wanawake, wakati ambapo wengi waliona kalamu ya Kiswahili haistahili kubeba mambo ya dini. Anayelisoma gazeti hili leo ana deni naye, ajue asijue. Sina kaburi wala jumba la kuwapeleka watu kwa ajili yake, na pengine hivyo ni bora.

Jumapili ndiyo siku ambayo masharti ya akina mama yameifinyanga ratiba yote. Tulianza na muda wa yule bibi na dada yake, ndipo tukayapanga mengine kuuzunguka. Baada ya Alfajiri ni mahamri na mbaazi za nazi. Saa moja hadi saa mbili na nusu ni matembezi mafupi kuelekea Bandari ya Kale, jua likiwa bado changa. Majahazi hayaji tena kwa mamia kama zama za biashara ya Ghuba, lakini yapo. Saa tatu basi litavuka daraja la Nyali na kumteremsha bibi yetu Kisauni, mlangoni kwa dada yake, pamoja na mjukuu mmoja wa kumshika mkono. Wengine wataendelea mbele hadi Bamburi, kwenye Haller Park.

Mahali hapo nilipanga kupafuta, nikashindwa kwa hoja. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, shimo la mawe meupe lisilootesha hata jani. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti humo. Mivinje ndiyo iliyokubali, lakini majani yake yalidondoka bila ya kuoza, mpaka alipowaleta majongoo, wale wenye miguu myekundu tunaowakanyaga kila siku. Wakayatafuna majani na kuyafanya udongo. Leo pana msitu, twiga na viboko. Hapo ndipo alipoletwa yule mtoto wa kiboko, Owen, aliyeokolewa baharini baada ya mawimbi ya tsunami ya Disemba 2004, akamwandama kobe mzee kana kwamba ni mama yake. Watoto wanaijua habari hiyo kuliko wanavyoijua ngome. Basi na waende.

Kwa wasiotaka wanyama, mama mmoja atawaongoza wachache kwenda Barabara ya Biashara kwa ajili ya kanga na vikoi, kwa tuktuk, kwa saa mbili tu zilizohesabiwa. Tangu utotoni mwangu nimeziona kanga zilizoandikwa "Mali ya Abdulla" nikidhani Abdulla ni jamaa yetu fulani. Duka lenyewe liko katika barabara hiyo.

Saa sita kamili basi litarudi Kisauni. Dereva ameagizwa asipige honi. Mjukuu atatoka kutuambia kama wako tayari, na tumeongeza nusu saa hapo bila ya kuiandika katika karatasi ya safari, kwa kuwa tunawajua watu wazima na maagano yao ya mlangoni. Kisha ni kuswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, na kuelekea Likoni si baada ya saa nane mchana, kwa sababu foleni ya Jumapili jioni haina rehema kwa wenye watoto.

Nafasi ni thelathini na mbili, na hadi ninapoandika zimebaki tisa. Majina yanaandikwa kila siku baada ya Alasiri kwenye ofisi ya msikiti, na kwa upande wa akina mama, darasani kwao. Awamu ya kwanza ya malipo ni mwisho wa mwezi huu. Anayehitaji hati ya dharura aanze kuishughulikia wiki hii.